Chanzo Chetu Ndani ya Korima

Baba hubadilisha lenzi bila kuangalia. Anaizungusha huku anaongea na bwana harusi, au anamwambia mtoto aliyenuna acheke, halafu unasikia tik, imeingia. Watu husema huo ndio ufundi. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo mpaka mwaka huu, nilipogundua kwamba haangalii kwa sababu hata akiangalia haoni vizuri. Jicho lake la kulia, lile analoliweka kwenye kamera, limeingia ukungu. Hajamwambia mtu. Nilijua siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagikia mezani, akakilaumu kikombe.

Kwa hiyo naomba mnielewe ninaposema niliogopa. Sikuogopa kuchapwa, baba hachapi. Niliogopa kwa sababu mikono yake inazijua kamera za Korima kuliko inavyonijua mimi, na mimi ndiye niliyesema Korima inakufa.

Studio yetu ni vyumba viwili. Cha mbele kina kitambaa cheupe ukutani, kiti cha kupigia picha za vitambulisho, na meza ninayokatia picha nikitoka shule. Cha nyuma ni chumba cha giza cha zamani, walichokuwa wanasafishia filamu. Siku hizi ni stoo, lakini balbu nyekundu bado ipo. Mlango wake ni wa kijani na kitasa kilifungwa juu chini na seremala aliyekuwa na haraka, mpaka leo ukitaka kufungua unapandisha mkono wa kitasa juu badala ya kuushusha. Mgeni anaweza kuhangaika pale mpaka jasho limtoke. Sisi tumeshazoea, hatujui hata kwamba tunafanya.

Kila siku saa kumi jioni anakuja Macho Sita. Ni fundi wa kamera, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Anavaa miwani ya kuonea mbali, na juu ya hiyo anavaa nyingine ya kuonea bisibisi, kwa hiyo ukijumlisha na macho yake mwenyewe yanakuwa sita. Anakuja kunywa chai na kugombana na baba. Ugomvi ni uleule: kampuni gani ya kamera itaishi na ipi itakufa.

"Velta zinakuja kwangu tatu kwa siku," alisema siku hiyo yote yalipoanza. "Korima moja kwa wiki, na hiyo moja imedondoshwa na mlevi. Sasa niambie nani mgonjwa."

"Hiyo maana yake Velta zinauzwa sana," baba akajibu. "Mtaa wenye watu wengi ndio wenye wagonjwa wengi."

"Au mtaa wenye maji machafu."

"Profesa amesema mauzo ya Korima yameshuka mwaka wa tatu mfululizo."

Macho Sita akaweka kikombe chini. Profesa wa Lenzi si profesa. Ni mchambuzi wa mtandaoni, ana chaneli ya video, anakaa mbele ya rafu iliyojaa kamera na kueleza mambo ya viwanda utadhani amelala huko. Baba humsikiliza asubuhi akipiga mswaki.

"Profesa wa nini, ndugu yangu? Kwa sababu ana kamera nyuma yake? Muuza nyama ana ng'ombe mzima nyuma yake, hajawa daktari wa mifugo."

"Ana watu ndani ya kampuni. Ana vyanzo."

"Hata bomba linalovuja lina chanzo." Akanigeukia. "Mama Kelele, wewe unasemaje?"

Mama Kelele ni mimi. Ananiita hivyo kwa sababu siongei. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini likifika kooni linageuka na kurudi lilikotoka. Nilitabasamu nikaendelea kukata picha.

"Ningekuwa najua kubonyeza simu kama hawa watoto," Macho Sita akasema, "ningempelekea huyo Profesa wako uongo mmoja mnono. Uone kama hataumeza na mifupa yake."

"Mtu mwenye wafuasi laki mbili hamezi hovyo," baba akasema.

Hawakujua kwamba maneno hayo yamenishika. Mtu asiyeongea anasikia sana. Kesho yake baba alikuwa nje anapiga picha za kikao cha wazazi, nikaingia chumba cha giza, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikamwandikia Profesa. Nilikuwa nimewaza hivi: akiniuliza hata swali moja, kama kiwanda kiko wapi au nionyeshe kitambulisho cha kazi, nitamwambia natania, na Macho Sita atakuwa ameshindwa. Asiponiuliza, baba atakuwa ameshindwa, na sisi wote tutacheka. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Shida ilikuwa moja. Sijawahi kuona kiwanda. Kwa hiyo niliandika nilichokiona.

Niliandika kwamba mimi ni mfanyakazi wa Korima, sehemu ya kuunganisha. Kwamba tumeambiwa mwisho wa mwaka hawatatengeneza kamera tena. Kwamba mashine zimeanza kuhamishiwa chumba cha nyuma, kile chenye mlango wa kijani ambao ukitaka kuufungua unapandisha kitasa juu. Na kwamba msimamizi wetu, mzee anayevaa miwani juu ya miwani, alilia mbele yetu.

Hapo kwenye kulia nilicheka peke yangu, mkono mdomoni.

Profesa alijibu kabla sijatoka kwenye ndoo. Aliuliza swali moja tu: "Nikutaje kama nani?"

Nikaandika, usinitaje.

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka shule nikamkuta baba amekaa kwenye kile kiti cha vitambulisho, simu ameishika mbali na uso. Macho Sita amesimama nyuma yake. Sauti ya Profesa inatoka kwenye simu, taratibu, kama ya mtu anayetangaza msiba.

"Chanzo chetu ndani ya Korima kimetuambia yafuatayo."

Nilibaki mlangoni na begi mgongoni. Alisema yote. Aliongeza na ya kwake, kwamba wenye hisa wamekutana kwa siri. Halafu akainama karibu na kamera yake akasema, "Chanzo chetu kimetueleza hadi mlango. Mlango wa kijani, kitasa kinapandishwa juu. Ndugu zangu, kitu kama hicho hakitungwi."

"Hakitungwi," baba akarudia, polepole.

"Na huyo mzee wa miwani juu ya miwani namwonea huruma," Macho Sita akasema. "Sisi wa miwani mbili tukipiga chafya ni hatari tupu." Akacheka peke yake.

Baba akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma kuchukua karatasi za picha. Nikauangalia mkono wake. Ulipandisha kitasa, akafungua, akaingia. Akatoka, akafunga. Hakuona kitu. Mimi nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka Macho Sita alipogonga kuuliza kama nimezama.

Ilikuwa niseme siku ileile. Najua. Nilijipangia: nikimaliza kula nitasema. Nikimaliza kuosha vyombo nitasema. Mama alikuwa zamu ya usiku hospitalini, ni muuguzi, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na baba, na redio. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza baba alidhani napiga miayo, akaniambia nikalale.

Wiki ile uongo wangu ulizaa. Chaneli ya pili ikasema imepata habari kutoka kwa vyanzo vyake. Ya tatu ikasema imethibitisha. Nilizisikiliza zote. Zote zilikuwa na mlango wa kijani. Kwenye ile ya tatu milango ilikuwa imeshafika miwili.

"Vyanzo vitatu," baba akamwambia Macho Sita, na akanyoosha vidole vitatu. "Bado unabisha?"

"Jogoo akiwika na wengine wakadakia, hajazaa," Macho Sita akasema. "Jogoo ni yuleyule." Ila safari hii hata yeye sauti yake haikuwa na nguvu. Watu watatu ni watu watatu.

Nikamwandikia Profesa tena. Niliandika haraka mpaka nikakosea herufi. Nikamwambia nilitunga. Mimi ni mwanafunzi, sijawahi kufanya kazi popote, mlango ni wa studio ya baba yangu, mzee ni fundi wa jirani, naomba uwaambie watu.

Jibu lake ninalo mpaka leo. "Naelewa wamekutisha ndugu yangu. Usiogope, hatutakutaja kamwe. Tumeambiwa kampuni imeanza kumtafuta aliyevujisha habari. Futa ujumbe wote. Kaa chini."

Nilikaa chini kweli, kwenye sakafu. Kampuni inamtafuta aliyevujisha. Yaani mimi. Akili moja iliniambia atakuwa ametunga na hilo pia, kama alivyotunga kikao cha wenye hisa. Lakini akili nyingine, ile inayoamka ukiwa peke yako, ilinionyesha watu wenye tai wanashuka kwenye gari jeupe mbele ya studio, wanauliza mlango wa kijani uko wapi. Kuanzia hapo kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilikuwa nalihesabia matairi. Picha za vitambulisho nilizikata vibaya. Mteja mmoja nilimkata sikio.

Jumatano baba akasema amempata dalali.

"Ananichukulia Korima zote," akamwambia Macho Sita. "Kamera mbili na lenzi tano. Yeye ananipa Velta moja mpya na lenzi yake. Jumamosi saa nne."

"Saba kwa mbili?"

"Mwisho wa mwaka zitakuwa saba kwa sifuri. Nani atanunua kamera ya kampuni iliyokufa? Betri nitatoa wapi? Vipuri? Wewe mwenyewe utatengeneza na nini, mate?"

Macho Sita alivua miwani ya juu, akaifuta, akairudisha. "Na harusi ya Jumapili ya wiki ijayo utapiga na moja? Ikizima je?"

"Ni mpya. Haizimi."

"Niliyonayo mezani sasa hivi ilikuwa mpya Jumatatu."

Lakini baba alikuwa ameshaamua. Aliomba aazimwe Velta moja kutoka kibandani ajizoeze. Jioni hiyo akakaa nayo kwenye meza yangu, na mimi nikawa upande wa pili na mkasi, najifanya nakata.

Lenzi ya Korima unaizungusha kwenda kushoto ndipo inakamata. Ya Velta inakwenda kulia. Baba alijua hilo, alilisema kwa sauti: "Hii kulia, hii kulia." Akaizungusha kulia, ikaingia. Akafanya tena. Mara ya tatu nikamuuliza kama anataka chai. Nilitaka tu kumwonyesha nipo. Akanigeukia anijibu, na mikono ikaendelea peke yake kama ilivyozoea miaka yote. Ikaenda kushoto.

Hakukuwa na tik. Lenzi ilitoka mdomoni mwa kamera, ikajiviringisha mezani, ikaanguka. Niliidaka kwa magoti. Sketi ya shule ina faida yake.

Baba alikuwa bado ameishika kamera tupu, anaangalia mezani mahali lenzi haipo. Alikuwa anaitafuta kwa vidole. Iko mapajani mwangu, hatua moja kutoka kwake, na anaitafuta kwa vidole.

"Imeenda wapi?" akauliza.

"Hii hapa."

Akaichukua, akapapasa kioo chake. "Velta hizi zinateleza," akasema.

Siku zile mbili zilizobaki sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilikuwa namwona kwenye harusi, mbele ya watu wote, bibi harusi amesimama, lenzi inaanguka kwenye sakafu ya saruji, na baba anapiga magoti anaipapasa. Halafu watu wanaelewa. Halafu nani atamwita tena mpiga picha asiyeona? Na kila nilipojaribu kusema, niliona pia uso wake atakapojua kwamba aliyemwingiza shimoni ni mtoto anayemkatia picha. Woga wa kwanza ulinisukuma niseme na woga wa pili ukanifunga mdomo. Nguvu zao zilikuwa sawa, ndiyo maana sikusogea.

Jumamosi ikafika. Baba alizipanga kamera mezani juu ya taulo safi, moja baada ya nyingine, kama anayelaza watoto. Lenzi nne. Ya tano, ile ndefu ya zamani, ilikuwa chumba cha nyuma kwenye mkoba mweusi. Macho Sita alikuja mapema, hakugusa hata chai.

Saa nne kasorobo gari likasimama nje. Jeupe.

Akashuka mtu mwenye tai na mkoba mgumu. Akachungulia ndani, akauliza, "Hapa ndipo kwenye Korima?"

Sikumbuki nimefikaje chumba cha giza. Nakumbuka nimejibanza nyuma ya mlango, mgongo ukutani, nimeukumbatia ule mkoba mweusi, nimeuma ukanda wake kwa meno. Wamekuja. Nikasikia baba anacheka kidogo, anasema karibu bwana, karibu, na yule mtu anasema foleni ilikuwa mbaya, na kamera hii imetumika sana, eh? Ndipo nikaelewa ni dalali. Nilitakiwa nipumue. Badala yake nikaogopa zaidi, kwa sababu watu wa kampuni walikuwa wa kichwani mwangu, na huyu alikuwa wa kweli.

"Mama Kelele," baba akaita. "Lete ule mkoba."

Nikauma ukanda zaidi.

"Mwanangu. Mkoba."

Nikabaki nyuma ya mlango. Nikasikia dalali anasema ana safari nyingine saa tano. Na mimi nimeshika lenzi ya tano, ya mwisho, bila hiyo hawamalizi. Nikasema, na sauti iliyotoka hata mimi sikuijua, "Baba, njoo unifungulie mlango."

"Haujafungwa huo."

"Njoo unifungulie wewe."

Nikasikia viatu vyake. Nikamsikia anaushika mkono wa kitasa. Ukapanda juu. Mlango ukafunguka, na baba amesimama pale na uso wa mtu anayetaka kugomba mbele ya mgeni lakini anajizuia.

"Una nini leo?"

"Baba, umefunguaje?"

"Nimefungua kwa mkono. Toa mkoba."

"Mkono umeenda wapi?"

Aliniangalia kama nina homa. Halafu sijui ni nini, labda ni kwa sababu siulizagi maswali, akarudisha mlango nusu, akaweka tena mkono pale pale. Ukaanza kupanda. Ukafika nusu, ukasimama. Aliuangalia mkono wake. Aliuangalia mlango, rangi yake, kana kwamba umepakwa asubuhi ile.

Nyuma yake Macho Sita alikuwa amesogea. Nikamwonyesha kidole, ingawa kumnyooshea mtu mzima kidole si adabu. "Na msimamizi anayevaa miwani juu ya miwani," nikasema. "Ni mimi, baba. Chanzo cha Profesa ni mimi. Niliandika hapo, kwenye ndoo."

Macho Sita akaishika miwani yake ya juu kama anahakikisha bado ipo.

Dalali ndiye aliyeongea kwanza. Alicheka. "Watoto wa siku hizi. Kasikia kwenye video naye anataka aingie kwenye hadithi. Mzee, chaneli tatu zimesema. Nne na ya jana."

Na baba, hili ndilo lililoniuma, baba aliniangalia kama anataka kumwamini dalali. Nilimwona. Profesa ana wafuasi laki mbili, mimi nina ndoo.

"Mlango wa kijani upo popote duniani," baba akasema, kwa sauti ndogo.

"Wa kupandisha kitasa?" Macho Sita akamuuliza. "Na mimi nipo popote?" Halafu akaniangalia, akatikisa kichwa. "Maneno yalikuwa yangu, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyesema apelekewe uongo. Mtoto alikuwa hapo anakata picha. Tulimsahau."

"Naomba tumalize," dalali akasema.

Nilijua baba asipoizuia biashara hiyo sasa, hataizuia tena. Kulikuwa na neno moja limebaki, na lile ndilo nililoliogopa kuliko yote, kuliko hata lile la uongo, kwa sababu halikuwa langu. Lilikuwa lake. Nikasogea karibu naye ili wengine wasisikie.

"Na Velta inazungukia kulia," nikasema. "Mikono yako inakwenda kushoto. Na jicho halitakuambia."

Baba alinigeuzia uso wote, ili anione kwa jicho zima. Nikadhani atanipiga, mara ya kwanza maishani, na nikaona ni haki.

Akachukua mkoba mikononi mwangu. Akarudi mezani, akaanza kukunja taulo juu ya kamera.

"Samahani bwana kwa kukupotezea muda," akamwambia dalali. "Leo sibadilishi."

"Mwezi ujao utanitafuta," dalali akasema, anafunga mkoba wake. "Na mimi sitazitaka."

"Inawezekana."

Gari jeupe likaondoka. Macho Sita akasema ameacha maji jikoni, ingawa kibandani kwake hana jiko. Tukabaki wawili.

"Ulijua lini?" baba akauliza.

"Siku ya chai."

"Kile kikombe kina mdomo mbaya," akasema. Halafu akakaa kwenye kiti cha vitambulisho, mgongo wima, kama mteja anayesubiri kupigwa picha. "Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia Jumapili. Mama hakupiga kelele, alimulika jicho kwa tochi ya kazini, akaandika tarehe ya kliniki kwenye mkono wa baba kwa kalamu ili asije akasema ameipoteza karatasi. Mimi baba aliniambia nitamwandikia Profesa mbele yake, neno kwa neno, na picha ya mlango juu yake. Tukapiga picha ya mlango, mkono wa baba umekamata kitasa juu. Tukatuma.

Profesa hakujibu. Jumanne akatoa video mpya. "Chanzo chetu ndani ya Korima kimenyamazishwa," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kabisa. "Sasa wanatuma hadi picha za kughushi." Ilitazamwa mara mbili zaidi ya ile ya kwanza. Baba aliisikiliza mpaka mwisho, mswaki mdomoni, halafu akatema.

Harusi tulienda wote. Mimi nilibeba mkoba, nikasimama upande wake wa kulia, ule wa ukungu, na kila alipoinua kamera nilimwambia polepole kilichopo huko: shangazi anapita, mtoto ana glasi, kuna ngazi. Nadhani niliongea siku hiyo kuliko mwaka mzima. Lenzi aliziweka bila kuangalia. Tik. Tik. Hakuna iliyoanguka.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini juzi Macho Sita alikuja saa kumi, akakaa, na hakuanza ugomvi.

"Nimetoka kwa muuza vipuri," akasema. "Betri za Korima hakuna. Haagizi tena."

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Anasema kampuni inafungwa."

"Si umemwambia ni uongo?"

"Nimemwambia. Nimemwambia hadi aliyeutunga namjua, anasoma kidato cha tatu na anamkatia baba yake picha. Ameniuliza nina wafuasi wangapi."

Macho Sita akaendelea, polepole, kwamba pale dukani alikuta wapiga picha wawili wanauza Korima zao, na wa tatu alikuwa anauliza bei. Watu wanaziacha. Na kampuni ambayo watu wanaiacha, mwisho wake ni nini?

Baba akaniambia nihesabu betri zetu. Zilikuwa nne, moja imevimba.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya shule nafungua ukurasa wa Korima kwenye simu, nasoma habari zao zote, za kamera, za viwanda, hata za kuajiri wafagizi. Baba anasubiri nyuma yangu. Hasikilizi tena Profesa akipiga mswaki, ananisikiliza mimi.

"Wamefunga?" anauliza.

Leo nilitaka kumwambia hapana. Mdomo ulikataa.

"Bado," nikasema.